Ndugu kwa Damu, Mgeni kwa Sheria



Ni nadra kuingia nyumba ya Kisauni, iwe Bakarani au Mtopanga, ukakosa kusikia habari za shangazi wa Unguja, ami wa Pemba au binamu aliyehamia Maskati. Harusi zetu huvuka bahari, na matanga yetu vilevile. Ndiyo maana familia ikijaaliwa akiba na kutamani nyumba Unguja, wazo la kwanza huwa jepesi: "Kule tuna ndugu, atatununulia kwa jina lake." Makala haya yanaomba wazo hilo lipimwe kabla pesa hazijatoka mkononi.

Sheria ya ardhi aghalabu haiulizi nasaba, huuliza uraia. Zanzibar, ardhi ni mali ya umma, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 humpa Mzanzibari haki ya kuitumia. Mkenya ni mgeni, hata kama bibi yake alizaliwa Mji Mkongwe. Mgeni hukodishwa ardhi kwa miaka maalumu, aghalabu kwa njia ya uwekezaji. Sheria ya kondominia ya mwaka 2010 ilimfungulia mlango mwingine: kununua fleti ndani ya jengo la wengi. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilipotungwa haikumruhusu asiye raia kupewa ardhi ila kwa uwekezaji.

Sasa tumfikirie mama wa Mlaleo aliyeuza dhahabu yake, akachanganya na pesa za chama, akampelekea binamu yake Unguja. Nyumba ikanunuliwa, hati ikaandikwa jina la binamu. Binamu ni mwaminifu, mchamungu, hana tamaa. Lakini ajali haina miadi. Siku akifishwa, nyumba ile itahesabiwa pamoja na tarika yake, na wajane na mayatima wake watagawiwa mafungu. Wale watoto hawajamdhulumu mtu kwa makusudi. Wanakula haki ya shangazi yao pasi na kujua. Deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, sawa. Lakini deni lisiloandikwa nani atalishuhudia? Na mapatano yaliyofanywa ili kuikwepa sheria ni vigumu kuyapeleka mbele ya hakimu wa sheria hiyohiyo. Mama atapoteza nyumba, na pamoja nayo atapoteza undugu.

Kioo hicho kinatuonyesha na sisi. Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinamruhusu asiye raia kukodi ardhi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Kaka yetu aliyeukana uraia wa Kenya ughaibuni, akirudi kununua kiwanja Kisauni alikozaliwa, ataingia katika kifungu hicho. Mzaliwa wa Kenya aliyechukua uraia wa pili bila kuukana wa kwanza hubaki raia kwa Kifungu cha 16, na aliyeupoteza kwa sababu hiyo kabla ya Katiba hii ana haki ya kuuomba tena. Basi atengeneze uraia wake kwanza, ndipo atafute kiwanja.

Anayenunua akiwa mbali ajihadhari pia na ada yetu ya zamani ya nyumba bila ardhi. Hapa Mombasa mtu aweza kumiliki kuta na paa huku kiwanja kikiwa cha mwingine, anayelipwa kodi yake. Picha ya simu haimwonyeshi mwenye ardhi. Humwonyesha upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi.

Popote utakaponunua, chukua wakili wako mwenyewe wa nchi ile, asiwe wa muuzaji. Uliza: hati ni ya jina la nani? Imebaki miaka mingapi ya kukodi? Kodi ya ardhi ni kiasi gani kwa mwaka? Nikifa, wanangu watarithi muda uliobaki? Jibu likikawia, pesa nazo zikawie.

Na wewe dada unayetuma mshahara kutoka Jeddah au Doha, usione haya kumwambia kaka yako, "Jina liwe langu." Huko si kumtuhumu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, nayo iliteremka kwa waumini, si kwa wezi. Wazee wetu nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi yenye jina sahihi humlinda mnunuzi, humlinda na ndugu aliyeaminiwa, ili siku ya matanga watu wapate kulia pamoja.