Kompyuta ya "gamer" kwa Mudzipela: muulize kwanza wati

Baba anashuka toka kariere ya Mongbwalu, anauza gramu zake, na kijana wake aliyebaki Mudzipela anamwambia: "Papa, unipatie kompyuta ya gamer, nitafungua nyumba ya michezo, franga itaingia kila siku." Si wazo baya. Vijana wa kucheza wako, na kazi ya kukaa nyuma ya meza ni bora kuliko kumuingiza mtoto shimoni. Basi kompyuta inanunuliwa, inawashwa, Windows inatokea, watu wa nyumba wanafurahi. Jioni mechi ya kwanza inaanza, wachezaji wanaingia uwanjani na pa! Kioo kimekuwa cheusi. Mmoja anasema ni virusi. Mwingine anasema ni moto ya SNEL, hata kama siku ile mashini ilikuwa kwenye jenereta.

Mara nyingi si virusi. Ni kile kisanduku cha chuma kilicho nyuma ya kompyuta, pale waya wa umeme unapoingia. Mafundi wanakiita alimantasio. Kazi yake ni kuchukua umeme wa volti 220 na kuugeuza kuwa volti 12, volti 5 na volti 3.3, ndiyo chakula cha kompyuta yote. Kila kisanduku kina mwisho wa nguvu yake, na mwisho huo unahesabiwa kwa wati.

Hapa mchimbaji ataelewa mbio kuliko mtu wa ofisi. Shimo likiwa na maji mengi, ukileta motopompe ndogo, itawaka, itapiga kelele, maji kidogo yatatoka, na kwa mbali mtu ataona kama kazi inatembea. Lakini shimo halikauki, na ukiendelea kulazimisha, mota inaungua. Alimantasio ndogo ndani ya kompyuta kubwa iko vile vile.

Sasa, kwa nini shida hii inarudi kila mara? Kwa sababu kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu kwa jina la "gamer" hazikuzaliwa gamer. Ni kompyuta za ofisi za Ulaya ao Marekani, zilizotumika miaka mingi, zikapita Dubai ao Kampala, zikafika Bunia kwa njia ya Mahagi ao kwa maji mpaka Kasenyi. Njiani mtu anafungua kifuniko, anaingiza kadi ya picha (ile kate grafike), anaweka taa nyekundu na bluu, na bei inapanda. Kisanduku cha umeme hakikubadilishwa. Ni kile kile kilichopimwa kwa ajili ya sekretere anayeandika barua.

Tuchukue mfano mmoja. Dell OptiPlex 9020, ile ya kusimama, ilitoka kiwandani na alimantasio ya wati 290. Ile ndogo ya kulala iko na wati 255. Kwa kazi ya ofisi zinatosha na zinabaki. Lakini mtu akiingiza ndani kadi ya NVIDIA GTX 1660 Super, kadi hiyo peke yake inaweza kula wati 125, na NVIDIA wenyewe wanaomba alimantasio ya wati 450. Prosesa ya Core i7-4790 imeandikiwa wati 84. Ongeza diski, feni na kadi-mama. Kwa hesabu ya karatasi unaweza kusema wati 290 hazijapita, na muuzaji atakuambia hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba mchezo haukuli sawa sawa: unaruka juu kwa nukta moja, unashuka, unaruka tena. Kwenye kuruka ndiyo kisanduku kinakata. Na kisanduku cha miaka kumi, kilichojaa vumbi, hakina tena nguvu yote iliyoandikwa siku kilipotoka kiwandani.

Kuna jambo baya zaidi ya kuzimika. Kadi ile ya 1660 Super inataka waya wake wa umeme wa pini 8, na kisanduku cha OptiPlex hakina waya huo. Fundi wa haraka anafanya nini? Anachukua waya wa SATA, ule mdogo wa kulisha diski, anaufunga na adapta mpaka kwenye kadi. Ile fishi ya SATA, kwenye volti 12, ilitengenezwa kupitisha ampea 4.5, maana yake wati 54. Waya wa pini 8 unaruhusiwa kupitisha wati 150. Mukiona ndani ya kompyuta adapta ya namna hiyo, musinunue, hata wapunguze bei nusu. Plastiki inayeyuka, na moto unaanza polepole ndani ya nyumba yenye watoto, labda usiku, labda juu ya meza ya mbao.

Kama mumeshanunua kompyuta ya ofisi na hamuna njia ya kubadilisha kisanduku, kuna kadi za kiasi ambazo hazidai waya wa pembeni: GTX 1050 Ti, na GTX 1650 ile isiyo na tundu la waya. Hizo zinakula mpaka wati 75, zote kupitia kadi-mama, na NVIDIA anaomba alimantasio ya wati 300. Wati 290 za ile Dell ya kusimama ziko karibu sana, na kwa kawaida zinabeba. Football itachezeka. Michezo mikubwa ya sasa itakuwa nzito, lakini mtoto hatazimiwa mashini kila dakika kumi, na wateja watarudi.

Wengine watasema: basi tununue alimantasio mpya, imeandikwa 500W, bei ndogo. Polepole! Dhahabu hamuuzi kwa macho, munaiweka kwenye mzani. Kisanduku nacho kina mzani wake: ni ile etiketi ya pembeni. Musisome herufi kubwa, musome mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya picha vinakula huko. Chukua ampea, zidisha mara 12. Kama imeandikwa 12V na 18A, hizo ni wati 216 tu, hata kama juu wamepiga "500W" kwa rangi ya dhahabu. Mukishike pia mkononi. Kisanduku chepesi kama mkebe mtupu hakina shaba ya kutosha ndani.

Jina kubwa nalo si dawa. Mwaka wa 2021 Gigabyte, kampuni inayojulikana dunia nzima, ilibidi ikubali kubadilishia wateja alimantasio zake za aina GP-P750GM na GP-P850GM, kisha watu waliozipima kuonyesha kwamba zilikuwa zinalipuka. Ni wati 750 na 850! Kwa hiyo wati nyingi peke yake haitoshi, ulinzi wa ndani lazima ufanye kazi.

Halafu kuna umeme wenyewe wa kwetu. Mtambo wa Budana, kwenye mto Shari, ulijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, hawakufikiri kompyuta za Mudzipela. Leo nyumba ya michezo inategemea jenereta, na hapa hesabu inaanza upya. Alimantasio haipitishi yote inayopokea, sehemu inapotea kuwa joto. Kompyuta inayokula wati 300 ndani, na kisanduku kinachofanya kazi kwa asilimia 75, inavuta wati 400 toka jenereta. Kisanduku chenye alama ya 80 Plus kinatakiwa kufika asilimia 80 angalau, basi kingevuta 375. Tofauti ya wati 25 inaonekana ndogo, ila kwa mashini nne, kila jioni, ni essence munayochoma bure. Ile jenereta ndogo ya wati 650 haiwezi kubeba kompyuta mbili za namna hii. Itabeba moja na kioo chake, na taa. Na ikizidiwa, volti zinapanda na kushuka, na alimantasio ndiyo inapigwa ya kwanza. Stabilizatere inasaidia hapo. Onduleri za bei ya chini ni jambo lingine: umeme wake si laini, na kuna alimantasio nzuri kabisa zinazozimika zikilishwa nao. Mujaribu kabla ya kulipa.

Tusisahau kile kiswichi kidogo chekundu nyuma ya kisanduku: 115 na 230. Mashini iliyotoka Marekani inaweza kufika ikiwa kwenye 115. Ukichomeka hivyo kwenye 220 yetu, utasikia mlio mmoja, moshi, kazi imekwisha. Kuangalia kunachukua nukta tano.

Na siku ya kununua, musikubali kuonyeshwa Windows tu. Mashini ikiwa imekaa bila kazi, mara nyingi haifiki hata wati 100, kisanduku chochote kitabeba. Muombe mchezo mzito uwashwe, ucheze nusu saa bila kusimama, kama inawezekana kwenye jenereta ya namna moja na yenu. Muweke mkono nyuma, pale hewa inatoka: ikiwa ya joto, sawa, ikinuka plastiki, muzime na muende. Kisha muombe kifuniko kifunguliwe, musome etiketi wenyewe na kuipiga picha. Kwa OptiPlex 9020 muulize jambo moja la mwisho: kadi-mama yake inapokea waya wa pini 8 wa Dell peke yake, si ule wa pini 24 wa alimantasio za kawaida, kwa hiyo anayewauzia kisanduku kipya awape pamoja nacho adapta ya pini 24 kwenda 8. Bila hiyo, kisanduku kipya kitabaki mezani.