Sukari Moja, Vipimo Vitatu

Wakati wa likizo ya Agosti mwaka jana, mimi na shemeji yangu, ambaye ni mwalimu karibu na mji wa Bungoma, tulikata shauri kwenda kupimwa sukari ya damu. Mimi nilipimiwa hapa Kitale, yeye kwao. Sote tumepita umri wa miaka 45, vitambi vimeanza kututangulia mlangoni, na katika koo zetu mna wagonjwa wa kisukari.

Nilifika zahanati kabla ya kutia chochote kinywani, nikatolewa damu mkononi. Jibu likawa 5.9. "Mwalimu, umo katika hatua ya kuelekea kisukari," nikaambiwa. Juma lililofuata nilikwenda kwingine nikapata tarakimu ile ile, ila huko nilipongezwa kuwa mzima! Ewe msomaji, hapana aliyenidanganya. Shirika la Afya Duniani huanza kuihesabu hatua hiyo kwenye milimoli 6.1 kwa lita, ilhali Chama cha Kisukari cha Marekani kiliteremsha mpaka wake hadi 5.6 mnamo mwaka wa 2003. Wote wawili wanakubaliana kuwa 7.0 kwenda juu ni kisukari. Hivyo basi, ugonjwa wangu ulitegemea karatasi iliyobandikwa ukutani.

Ya shemeji ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Yeye alipimwa kwa njia inayosifiwa sana siku hizi, ile isiyomlazimu mtu kufunga. Sukari hunata kwenye himoglobini, na kwa kuwa chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kipimo hiki huonyesha wastani wa miezi miwili au mitatu. Kwa Wamarekani, asilimia 5.7 hadi 6.4 ni hatua ya tahadhari. Shemeji alipata 5.5. Alinipigia simu akicheka: "Shemeji, mimi nimeponea, wewe ndiye uache chai ya sukari!"

Nilicheka naye, lakini kiu yake ya usiku ilinitia shaka. Nilimsihi apimwe kwa njia ya kale: mtu hufunga usiku kucha, hutolewa damu, hunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji, kisha hungoja saa mbili na kutolewa damu tena. Aliye mzima hubaki chini ya 7.8, na mwenye kisukari hufikia 11.1 au zaidi. Shemeji alipata 9.4.

Je, kipimo cha kwanza kilikosea wapi? Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma ni kama mita 1,400. Tofauti hiyo ndiyo riziki ya mbu. Malaria huharibu chembe nyekundu kabla ya wakati wake, na chembe iliyokufa changa haikupata muda wa kukusanya sukari. Tena, palipo na malaria ya kudumu pana watu wengi waliorithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, kwa maana jeni hiyo huwakinga na malaria kali. Wao si wagonjwa wa selimundu, na aghalabu hawajijui. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 kuhusu Wamarekani weusi ulionyesha kuwa kwa watu kama hao kipimo cha himoglobini husoma chini kwa takriban 0.3, hata sukari yao ikiwa sawa na ya wenzao. Shemeji alipochunguzwa, alikutwa nayo. Ongeza 0.3 kwenye 5.5 yake uone anaangukia wapi.

Sisemi kipimo hicho kitupwe. Nasema kisipewe neno la mwisho Bungoma kama kinavyopewa kwingineko. Wala kimashine cha kuchoma kidole hakitoshi: kanuni za kimataifa za mwaka wa 2013 zinakiruhusu kukosea kwa asilimia 15, kwa hiyo 6.0 yaweza kuwa 5.3 au 6.8. Hata damu ya mkononi huharibika ikicheleweshwa, kwani chembe huendelea kuila sukari kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Chupa iliyosafiri kwa matatu kutoka kijijini hadi mjini huleta habari njema za uongo.

Watasema saa mbili ni nyingi na foleni ni ndefu. Naam, lakini glukosi ni ya bei nafuu, na saa mbili ni vipindi vitatu tu vya darasani. Mwaka wa 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulithibitisha kuwa watu walio katika hatua hii wakipunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa juma, hatari yao ya kupata kisukari hupungua kwa asilimia 58. Nafasi hiyo shemeji angeikosa kwa sababu ya 5.5.

Sasa huenda shuleni kwa miguu, na baiskeli yake amempa mwanawe. Atarudi kupimwa Agosti hii shule zikifungwa, na amenitaka niandamane naye, nami niwe sijala.