Mafahali Wakipigana, Taka Nazo Zizolewe na Nani?

Ukitoka Changamwe kuingia kisiwani Mombasa, kabla ya kufika Makupa utapita Kibarani. Kwa miaka mingi abiria wa matatu waliziba pua hapo kwa uvundo wa jaa. Mwaka 2018 jaa hilo lilifungwa, na miti ikapandwa.

Kuzoa taka ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, sawa na zahanati na shule za chekechea. Lakini lori la taka haliendi kwa maneno. Je, pesa zikikwama, alaumiwe nani?

Kila mwaka Bunge la Taifa na Seneti hupitisha mswada wa kugawa mapato kati ya serikali kuu na kaunti zote 47. Katiba inataka kaunti zipewe angalau asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa. Zaidi ya hapo ni mvutano.

Mwaka 2019 maseneta walitaka Sh335 bilioni, wabunge wakashikilia Sh310 bilioni. Mwaka wa fedha ulianza Julai 1, lakini mwafaka wa Sh316.5 bilioni ulipatikana Septemba. Mwaka 2020 maseneta wenyewe waligawanyika kuhusu mfumo wa kugawia kila kaunti fungu lake. Pendekezo la kwanza lingeipunguzia Mombasa. Hapo vyama viliwekwa kando, kila mmoja akavutia kwao, hadi Septemba 17. Mwaka 2024, baada ya maandamano na kuondolewa kwa Mswada wa Fedha, Seneti ilitaka Sh400.1 bilioni, wabunge Sh380 bilioni. Waliishia Sh387.4 bilioni, nusu ya mwaka ikiwa inakaribia kwisha.

Wakati huo wote mishahara husubiri, na dawa pia. Ziumiazo nyasi.

Hata hivyo, usikubali haraka gavana anaposema lawama zote ni za Nairobi, wala Nairobi inaposema kaunti ni fujaji. Kila mmoja huenda ana nusu ya ukweli, na hupenda kuficha nusu yake.

Wewe uliza maswali matatu. Mswada ulipitishwa lini? Hazina ya Taifa ilituma pesa lini? Na kaunti ilipozipata ilizitumiaje, tena ilikusanya kiasi gani yenyewe kutokana na leseni, maegesho na kodi ya ardhi? Mombasa ni miongoni mwa kaunti zinazokusanya zaidi, hivyo haiwezi kujitetea kwa umaskini peke yake.

Majibu hayako mbali. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti ya kila kaunti baada ya kila miezi mitatu. Mwanafunzi aliye nyumbani na awasomee wazazi kurasa za Mombasa.

Kisha mwanasiasa akija mtaani kumnyoshea mwenzake kidole, msimwulize chama. Mwulizeni tarehe.