Mvua ya Garsen Hunyesha Mlimani

Mtu afikaye Garsen katika mwezi wa Februari huona nchi iliyokauka. Upepo wa kaskazi huvuma, vumbi la njia panda ya Minjila huinuka, nyasi hugeuka rangi ya mchanga, na joto la mchana hupita nyuzi 33. Lakini si mbali na vumbi hilo upo Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, nao huenda na maji yake mwaka mzima. Mgeni hushangaa akauliza maji hayo yatoka wapi, hali mbinguni hakuna wingu.

Jawabu la swali hilo ndilo elimu ya kwanza ya hali ya hewa kwa kila akaaye Garsen. Mvua imleteayo mkulima wa huko shibe au hasara aghalabu haimnyeshei yeye. Hunyesha katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, karibu kilomita 400 kutoka shambani kwake. Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mkazi wa Garsen yampasa kuongeza neno moja: mawingu ya nani?

MAJIRA MANNE YA MWAKA

Majira ya Tana ya chini hufuata pepo za bahari. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, upepo utokao pande za Arabuni, nao katika Januari na Februari hauleti mvua ya maana. Huu ndio wakati wa joto kali. Garsen iko kusini kidogo ya mstari wa ikweta, kwa hiyo jua husimama utosini katikati ya Machi, na siku hizo ndizo ngumu kwa watu na kwa mifugo.

Mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili kaskazi hulegea, na kusi huanza kushika nafasi yake. Mahali pepo hizo mbili zikutanapo, hewa yenye maji hupanda juu, hupoa na kuwa mvua. Hiyo ndiyo masika, nayo karibu na pwani huzidi nguvu katika mwezi wa Mei. Baada yake huja kipupwe cha Juni hadi Agosti, ambapo usiku huwa na baridi kidogo. Kisha jua hurudi kusini, pepo hukutana tena, na vuli huanza Oktoba kuelekea Desemba.

Mvua hiyo ya nyumbani haitoshi. Hupungua kadiri mtu aendavyo mbali na bahari: Kipini hupata nyingi kuliko Garsen, na Garsen kuliko Hola. Mkulima apandaye mahindi kwa kutegemea mvua ya Garsen peke yake huvuna miaka michache tu katika mingi. Kwa sababu hiyo Wapokomo tangu zamani wamelima kando ya mto, wakapanda mpunga katika mabonde yaliyojaa maji ya mafuriko, na mahindi, migomba na miembe juu ya kingo zilizoinuka. Waorma nao huleta ng'ombe wao mtoni na katika nyasi za delta wakati wa kiangazi, wakarudi nchi ya juu mvua inyeshapo. Kazi za watu wote hao wawili zimepangwa na mto, na mto hupangwa na mvua ya mbali.

MTO UPUNGUAPO, BAHARI HUPANDA

Kiangazi cha kaskazi si wakati wa joto tu. Katika vijiji vya Ozi na Kau, karibu na mdomo wa mto, wakulima wa mpunga wana maarifa ya pekee. Maji ya bamvua yajapo kutoka baharini huyasukuma maji matamu ya mto nyuma na kuyainua, nayo huingia mashambani yenyewe bila pampu wala mashine. Lakini kazi hiyo hufaa ikiwa mto una nguvu ya kuizuia chumvi. Mto upunguapo sana, maji ya bahari hupanda badala ya maji matamu, na shamba lililoingiwa na chumvi halirudii hali yake kwa msimu mmoja. Basi ukame ukipiga milimani, mkulima wa Ozi huuonja chumvi yake, ijapokuwa hajauona.

Katika majira hayo pia mifugo kutoka mbali hukusanyika mtoni. Njia za kuingilia majini, ziitwazo malka, hujaa ng'ombe, na shamba lililo kando ya njia huwa hatarini. Mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 fitina katika delta ilimwaga damu, watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Sababu zake zilikuwa nyingi, lakini maji na malisho yalikuwamo. Kwa hiyo habari ya kiangazi kirefu si habari ya wingu tu. Ni habari ya amani pia, na wazee waisikiapo mapema hupata nafasi ya kukutana na kuagana juu ya njia kabla ng'ombe hawajafika.

MIAKA YA GHARIKA NA MIAKA YA NJAA

Wazee wa Tana huhesabu miaka kwa mafuriko. Wapo waikumbukao gharika ya mwisho wa 1961, na wengi zaidi huikumbuka ile ya 1997 iliyoendelea hadi 1998, iliyobomoa matuta ya mradi mkubwa wa mpunga wa delta. Mwaka 2018 wakati wa masika maelfu ya watu walihama makwao. Mnamo Novemba 2023 mto ulifurika tena, na barabara ya Garsen kwenda Lamu ikakatwa na maji upande wa Gamba, magari yakasimama na bidhaa zikapanda bei.

Wataalamu wameonyesha kwamba vuli kubwa namna hii huwa na chanzo baharini. Upande wa Afrika wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua hujaa Afrika Mashariki. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, 1997, 2019 na 2023. Na ikiwa Bahari ya Pasifiki nayo imepata joto lile liitwalo El Niño, kama ilivyokuwa 1997 na 2023, yafaa watu wajitayarishe mapema zaidi. Hali iliyo kinyume chake, iitwayo La Niña, aghalabu huleta ukame. Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano mfululizo ilipungukiwa na mvua, na mizoga ya ng'ombe ikatapakaa katika nchi kavu ya mashariki na kaskazini mwa Kenya.

Angalia basi jambo hili: mwaka mmoja tu baada ya ukame huo, gharika ilikuja. Aliyekuwa ameshuka kujenga nyumba yake bondeni kwa kuwa bonde limekauka miaka mitatu, aliamka ndani ya maji.

MABWAWA YALIYO JUU

Zamani mto ulipanda mara mbili kwa mwaka, karibu na Mei na karibu na Novemba, na wazee waliutazama ubadilikapo rangi. Maji yakiwa mekundu kwa udongo, walijua kwamba mvua imepiga bara, wakaondoa vitu vyao chini kabla maji hayajafika.

Maarifa hayo hayajapotea, lakini mto wenyewe umebadilika. Mabwawa matano ya umeme yamejengwa katika Tana ya juu: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga ndilo ghala kubwa, nalo laweza kuweka maji yapata mita za ujazo bilioni moja na nusu. Mabwawa haya huyazuia mafuriko madogo, yale yaliyokuwa yakimwagilia mpunga na kuotesha nyasi. Lakini mafuriko makubwa hayawezi kuyazuia. Masinga likijaa, maji huvuka juu na kushuka bwawa baada ya bwawa, hupita Garissa, kisha Hola, na baada ya siku kadhaa hufika Garsen.

Siku hizo kadhaa ni mali. Bwawa likikaribia kujaa, onyo hutolewa kwa redio na kwa machifu ili watu wa chini wahame. Katika bara nyingine watu hupata saa chache tu za kukimbia gharika. Mkazi wa Garsen hupata siku za kuhamisha watoto, wazee, mbuzi na mbegu. Anayezipoteza kwa kusema kwamba mbinguni kweupe amepoteza alichopewa bure. Tena asisahau malaga, yaani mikondo ya msimu ishukayo kutoka nyika ya Kitui na Garissa. Hiyo haina bwawa la kuizuia, na huweza kuujaza mto hata Masinga likiwa halijajaa.

MAANA YA UTABIRI

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa siku chache, wa mwezi, na wa msimu, kabla ya masika na kabla ya vuli. Watu wengi huusikiliza kisha hulaumu, kwa kuwa hawakuelezwa maana ya maneno.

Neno "wastani" si mvua ya mwaka jana. Ni hesabu ya kati ya mvua ya miaka 30. Mahali pakavu kama Garsen, mvua ya wastani yaweza kuwa haitoshi mahindi. Na isemwapo kwamba mvua "yaelekea kuwa juu ya wastani", hiyo si ahadi. Ni kama kusema kwamba katika miaka 10 yenye dalili za namna hii, labda mitano itakuwa ya mvua nyingi, mitatu ya kadiri, na miwili haba. Mkulima mwenye busara hapandi shamba lote kwa ajili ya ile mitano akaisahau ile miwili.

Jambo kubwa zaidi ni hili. Msikilizaji wa Garsen hafai kuifunga redio baada ya kusikia habari za pwani. Yampasa asikilize pia habari za Nyeri, Murang'a, Embu na Meru. Pwani ikitabiriwa mvua chache na milima ikitabiriwa nyingi, mpunga wake waweza kupata maji, na nyumba yake yaweza kuchukuliwa na maji. Pwani ikitabiriwa nyingi na milima haba, majani yataota, lakini mto hautapanda bondeni.

MAMBO YA KUTENDA

Kabla ya masika na kabla ya vuli, yafaa kila mji ujue mahali pake pa juu pa kukimbilia na njia ya kufika huko usiku. Mbegu zisiwekwe ghala moja. Nusu ikae mahali maji yasipofika, kwani mafuriko yakiisha udongo huwa mzuri sana, na mwenye mbegu hupanda upesi wakati jirani yake angali akiomba. Mitumbwi itengenezwe wakati wa kaskazi, si siku maji yapandapo.

Wafugaji nao wana sababu ya kusikiliza. Baada ya mafuriko mbu huzaliwa kwa wingi, na pamoja nao homa ya malaria na homa ya Bonde la Ufa, ambayo huua ndama na mbuzi wachanga na kuwaambukiza watu. Homa hiyo ilizuka mashariki mwa Kenya baada ya mvua za 1997, na tena mwisho wa 2006 hadi 2007, ambapo Tana River ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa. Chanjo ya mifugo hufaa kabla ya mvua. Ugonjwa ukiisha kuingia zizini, wakati umepita. Na maji ya kunywa yachemshwe, hata yakionekana safi, kwa maana mafuriko hupita vyooni kabla ya kufika visimani.

Hakuna idara wala mzee awezaye kusema siku na saa ya mvua ya mwezi ujao. Lakini si lazima ajue saa anayejua upande wa kutazama. Watu wa mtoni walikuwa wakiitazama rangi ya maji zamani sana kabla ya redio, na leo wana rangi ya maji, redio, na onyo la mabwawa pamoja. Mwenye vitatu hivyo, na anayeviamini kabla maji hayajagusa kizingiti, mto humwachia udongo mpya na mavuno. Asiyeamini mpaka aone wingu juu ya Garsen, atauona mto kwanza.