Barolo, Mvinyo wa Vilima vya Langhe

Barolo ni mvinyo mwekundu wa Italia, unaotengenezwa kwa zabibu aina ya Nebbiolo pekee katika vilima vya Langhe, mkoani Piemonte. Sheria hutaka ukomazwe kwa miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ndani ya mapipa ya mbao. Rangi yake si nzito, lakini tanini zake huacha ukakasi mdomoni kama chai ya rangi iliyokolea. Mafuta na protini za nyama hulainisha ukakasi huo. Ndiyo maana wenyeji huunywa kwa nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole ndani ya Barolo hadi ikalainika, au kwa jibini iliyokomaa. Vyakula vyenye pilipili kali haviufai, kwani huzidisha ukali wake.