Mama aliyetia masomo ndani ya tableti

Wamama wenzetu, Sooinn Lee alikuwa akitengeneza michezo ya kompyuta. Alipozaa mtoto mwenye ulemavu, aliona programu za kufundishia hazimfai mtoto kama wake. Mwaka 2012, yeye na mume wake wakaanzisha kampuni ndogo huko California. Leo inaitwa Enuma.

Kampuni hiyo iliingia katika mashindano ya Global Learning XPRIZE. Timu 5 zilipewa dola milioni 1 kila moja, na programu zao zikajaribiwa kwa Kiswahili katika vijiji vya Tanga, Tanzania, kwa miezi 15. Watoto walijifunza wenyewe kwa tableti zilizochajiwa kwa nguvu ya jua. Mwanzoni, zaidi ya 90 kwa 100 hawakuweza kusoma hata neno moja. Mwishoni, hesabu hiyo ilishuka kwa nusu. Mwaka 2019, Enuma na onebillion ya London wakashinda pamoja, kila mmoja dola milioni 5.

Sisi walimu tunafurahi, lakini tunawafikiria wale waliobaki bila kusoma. Tableti haimuulizi mtoto kwa nini analia. Programu hizo ziliachwa bure kwa wote. Zikifika kwetu, tukae karibu na mtoto.