Fedha za Utafiti wa Maafa: Ni Nani Achague Swali?

Maafa hayabishi hodi. Yatokeapo, serikali tajiri na mashirika ya misaada hutoa fedha, na sehemu ya fedha hizo huwaendea wataalamu wa utafiti. Wengi wetu huuliza ni kiasi gani kimetolewa. Sisi twaona yafaa kwanza kuuliza jambo jingine: ni nani aliyechagua swali ambalo fedha hizo zitalijibu, na alilichagua lini?

Tuutazame ugonjwa wa Ebola, ambao majirani wote wa Kongo twaujua kwa machozi. Virusi vyake viligunduliwa mwaka 1976. Mwaka 1995 ugonjwa huo uliwapata watu 315 mjini Kikwit na vijiji vyake. Hata hivyo, ulipoenea Afrika Magharibi kati ya mwaka 2014 na 2016 na kuua watu zaidi ya 11,000, hapakuwa na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Karibu miaka arobaini ilikuwa imepita, kwa kuwa wagonjwa maskini wa vijijini hawakuwa soko.

Baada ya msiba ule, Shirika la Afya la Ulimwengu lilianza kutaja mapema maradhi yanayostahili kutafitiwa kwanza, ili wafadhili wasivutane kila mmoja upande wake. Matunda yake hayakukawia. Mwezi Novemba 2018, katika mashariki ya Kongo, dawa nne zilianza kujaribiwa kwa utaratibu mmoja. Miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, mwana wa nchi hiyo, ambaye alifika Yambuku tangu mwaka 1976. Kufikia Agosti 2019 dawa mbili zilikuwa zimedhihirisha ubora wake. Moja kati yake asili yake ni damu ya mtu aliyepona Kikwit.

Nchini Uganda funzo ni wazi zaidi. Ebola ya aina ya Sudan ilipotangazwa mwezi Septemba 2022, chanjo za majaribio zilifika Desemba, wagonjwa wapya wakiwa wamekwisha. Ilipotangazwa tena tarehe 30 Januari 2025, majaribio ya chanjo yalianza siku ya nne. Tofauti haikuletwa na bahati: safari hii dozi zilikuwa zimekwisha wekwa tayari, na utaratibu umekubaliwa kabla ya msiba.

Lakini orodha iliyopangwa mapema haitoshi ikiwa imepangwa mbali. Wakati macho ya dunia yalipoelekea Ebola, surua ilikuwa ikiteketeza watoto wa Kongo hiyo hiyo. Kufikia Januari 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 6,000 tangu mwanzo wa mwaka 2019, idadi inayowapita kwa mbali waliouawa na Ebola. Nayo surua ina chanjo tangu miaka ya 1960! Swali lake si la maabara. Ni hili: chanjo itafikaje kijijini ikiwa bado na ubaridi, barabara ikiwa mbovu na bunduki zikilia? Hilo nalo ni utafiti, ingawa halimpi mtu sifa kubwa.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muuguzi wa zahanati ya mpakani, mkimbizi wa kambini na mama aliyezika mtoto wanazo habari ambazo hazimo katika majalada ya wafadhili. Kwa hiyo twasema: serikali za nchi jirani zikutane wakati wa amani, ziwasikilize watu hao, na zikubaliane juu ya maswali yao makuu, kisha wafadhili waonyeshwe orodha hiyo moja, wala si orodha kumi zinazopingana.

Ugonjwa hauulizi pasi ya kusafiria. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Tukingoja kila mmoja awashe wake, usiku utatukuta gizani.